Uwakili wa familia Uingereza: maswali ninayoulizwa kila wiki

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nililetwa Uingereza nikiwa na miaka 9, na leo ni wakili wa mahakamani wa kesi za familia. Kila wiki napata ujumbe: kutoka kwa wanafunzi, kutoka kwa wazazi, wakati mwingine kutoka kwa mama aliyepokea barua ya mahakama na haelewi imesema nini. Maswali yanafanana, kwa hiyo nimeyajibu hapa kwa Kiswahili ili hata bibi akitaka kusoma asome. Ninayoyaeleza ni ya England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini wana sheria na taratibu zao. Habari za wateja nimezibadilisha kiasi cha kutotambulika, maana kesi za familia ni za faragha na zinapaswa kubaki hivyo.

Wakili wa mahakamani ana tofauti gani na wakili wa kawaida?

Tanzania na Kenya wakili ni mmoja: anakupokea ofisini, anaandika barua, kisha anasimama mwenyewe mbele ya hakimu. Huku kazi imegawanywa tangu zamani. Solisita ndiye anayekupokea, anafungua jalada, anawasiliana na upande wa pili. Sisi wa mahakamani tunaitwa kushauri jambo gumu na kusimama mbele ya jaji. Wengi wetu tumejiajiri, ila tunakaa pamoja katika ofisi iitwayo chemba, tukichangia kodi ya jengo na mishahara ya makarani. Karani ndiye anayegawa kazi. Usimdharau karani.

Tuna kanuni moja ninayoipenda: teksi iliyo mbele ya foleni haichagui abiria. Kesi ikija, ikiwa ni ya fani yangu na nina nafasi, naichukua, hata kama mteja simpendi au mambo yake yananichukiza. Leo namtetea baba, kesho mama, keshokutwa halmashauri inayotaka kumwondoa mtoto nyumbani.

Kwa hiyo kazi yako ni talaka?

Mama yangu aliniuliza hivyo hivyo: "Yaani mwanangu, watu wakiachana ndiyo wewe unapata ugali?" Jibu ni hapana, talaka yenyewe ni sehemu ndogo sana. Tangu tarehe 6 Aprili 2022 mtu anayetaka talaka hahitaji kuthibitisha kosa la mwenzake. Ndoa iwe imetimiza mwaka 1, ujaze maombi, usubiri wiki 20, upate amri ya kwanza, usubiri tena wiki 6, basi imekwisha. Mara nyingi hakuna hata anayesimama mbele ya jaji.

Vita iko kwingine: nyumba na pensheni vigawanywe vipi, mtoto alale kwa nani siku za shule, mama aliyepigwa apate amri ya kumlinda. Nzito kuliko zote ni zile ambazo halmashauri inamwambia jaji kwamba mtoto amepata, au yuko hatarini kupata, madhara makubwa mikononi mwa wazazi wake. Hizo zinatakiwa kumalizika ndani ya wiki 26. Zinaweza kuishia kwa mtoto kuasiliwa na watu ambao mzazi hatawajua kamwe. Sheria inayotuongoza ni Sheria ya Watoto ya 1989, na msingi wake ni kwamba ustawi wa mtoto ndio unaotangulia kila kitu.

Siku yako ikoje?

Usiku wa jana nimesoma jalada. Kanuni inasema kurasa zisizidi 350 isipokuwa mahakama imeruhusu, na mahakama huruhusu mara nyingi kuliko ninavyotamani. Asubuhi nafika saa 3 kamili, namtafuta mteja kwenye ukumbi wa kusubiri. Kwa kawaida ndiyo mara yetu ya kwanza kuonana uso kwa uso, na nina kama saa 1 ya kumfanya aniamini. Kisha nazungumza na mawakili wenzangu kwenye korido au kwenye ngazi, maana kesi nyingi husogea kwa mazungumzo yale kuliko kwa hotuba. Tunaingia kwa jaji. Tukitoka naandika rasimu ya amri, natafuta sandwichi, narudi kusoma jalada la kesho.

Na la hasha, hatuvai zile nywele za bandia. Kwenye mahakama ya familia ni suti tu. Wateja wengi hushukuru, kwa sababu walikuja wakidhani wanakwenda kuhukumiwa jela.

Kwa nini unasisitiza mawakili na majaji wawe watu wa asili mbalimbali? Sheria si ni ile ile?

Sheria ni ile ile, lakini jaji huamua kwa kile alichosikia, na kinachosikika kinategemea aliyepo chumbani. Hebu nitoe mfano mmoja ambao sitausahau.

Mtoto wa miaka 9 alikuwa anaishi na mwanamke aliyemwita mama mdogo. Mama mzazi alikuwa amerudi nyumbani kumuuguza bibi. Shuleni mwalimu akamuuliza, unaishi na nani? Mtoto akatafsiri neno kwa neno: mama yangu mdogo. Wiki chache baadaye akasema mama yuko Tanzania. Ripoti ya afisa ustawi wa jamii ikaandika kwamba mtoto anatoa maelezo yanayopingana kuhusu mama yake, na kwamba mwanamke aliye nyumbani "anadai" kuwa mama. Neno hilo, anadai, lilirudiwa katika jalada zima. Kila aliyesoma baadaye alisoma akiwa tayari na shaka.

Mimi nilikuwa namtetea mama mdogo. Nilichukua karatasi, nikachora: mama mkubwa, mama, mama mdogo. Nikaeleza kwamba kwa Mswahili dada wa mama ni mama, na mtoto hakusema uongo hata mara moja. Jaji akauliza maswali mawili, akasema asante, sasa naelewa. Ilichukua dakika 4.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na sipendi kuifanya tamu kuliko ilivyokuwa. Mama mdogo huyu alikuwa binti wa mama mkubwa wa yule mama mzazi. Kwetu huyo ni dada, hakuna mjadala. Kwa sheria ya hapa ndugu wanaohesabika ni babu na bibi, kaka na dada, kaka na dada wa baba au wa mama (shangazi, mjomba, mama mdogo halisi), na mzazi wa kambo. Binamu hayumo. Mtu asiye katika orodha hiyo akikaa na mtoto wa chini ya miaka 16 kwa siku 28 au zaidi, halmashauri lazima iarifiwe. Hakuna aliyeiarifu. Kwa hiyo kosa lilikuwepo, ila lilikuwa kosa la kutojua utaratibu, si la kuiba mtoto. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo iliyomwacha mtoto kwenye kitanda chake.

Wenzangu waliokuwa chumbani siku ile ni hodari na waadilifu. Hawakuwa na namna ya kujua. Ndiyo maana nasema chumba kikijaa watu wa aina moja, akili zao zikiwa kali namna gani, kuna mambo yatapita bila kuonwa.

Tulifunga ndoa ya Kiislamu nyumbani, hapa hapa Uingereza. Tukiachana nina haki gani?

Naliweka hapa kwa sababu naulizwa sana, na kwa sababu wanawake wetu wanaumia kwa kutojua. Nikah iliyofungwa sebuleni Leicester au ukumbini London bila ndoa ya kiserikali haitambuliki kama ndoa. Tarehe 14 Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba sherehe ya namna hiyo si hata ndoa batili. Kisheria hakuna ndoa kabisa. Maana yake ni kwamba huwezi kumwomba jaji agawanye nyumba au pensheni kama mke. Unabaki na madai ya mali ya kawaida, kama vile jina lako likiwa kwenye hati au ukithibitisha mchango wako.

Watoto hawaathiriki. Haki zao za matunzo na za kuwaona wazazi zipo, ndoa iwepo isiwepo.

Sasa angalia: nikah ile ile ikifungwa kihalali Zanzibar au Dar es Salaam, kwa kufuata sheria ya huko, hapa inatambuliwa. Kwa hiyo dada wawili wanaweza kuwa na sheikh mmoja na maneno yale yale, mmoja akawa mke na mwingine asiwe. Na talaka ya mdomo ikitolewa ukiwa Uingereza haivunji ndoa hiyo inayotambuliwa. Ni mahakama tu inayoivunja. Nawaomba masheikh na wazazi: ijumaa mnapoandaa nikah, ulizeni pia siku ya kwenda kwa msajili wa ndoa wa serikali.

Nani walitangulia?

Hadi 1919 mwanamke hakuruhusiwa kabisa kuwa wakili. Ivy Williams alipokelewa tarehe 10 Mei 1922, wa kwanza England. Helena Normanton alifuata mwaka huo huo na ndiye aliyeingia mahakamani kufanya kazi yenyewe. Alikuwa mwanamke wa kwanza kumpatia mteja talaka. Mwaka 1949 yeye na Rose Heilbron wakawa wanawake wa kwanza England kupewa cheo cha juu cha Wakili wa Mfalme, kile tunachokiita KC.

Kwa sisi wa familia jina kubwa ni Patricia Scotland. Alizaliwa Dominica, akakulia Walthamstow, mashariki ya London, akafanya kesi za familia, na mwaka 1991 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupata cheo hicho. Baadaye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Madola. Yupo pia Brenda Hale, aliyeshiriki kuandaa Sheria ya Watoto ya 1989 na akamaliza akiwa Rais wa Mahakama ya Juu.

Hata hivyo hesabu ya leo bado haijakaa sawa. Wanawake ni kama 4 katika kila mawakili 10 wa mahakamani, lakini kwenye cheo cha KC wanashuka hadi kama 1 katika 5. Weusi ni chini ya 4 katika kila 100. Kesi za familia ndizo zenye wanawake wengi zaidi, na si siri kwamba ndizo pia zinazolipwa kidogo, hasa zile za msaada wa kisheria.

Nifuate njia gani ili niwe wakili wa mahakamani?

Kwanza shahada. Ukiwa umesoma sheria, sawa. Ukiwa umesoma historia au biolojia, unaongeza kozi ya mwaka 1 ya kuhamia sheria. Kisha unajiunga na mojawapo ya Inn 4 za London: Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple na Gray's Inn. Hizi ni jumuiya za kale za mawakili, zenye kumbi, maktaba na bustani. Bila kujiunga huwezi kuanza kozi ya uwakili. Inn pia inakutaka uhudhurie vikao 10 vya mafunzo. Zamani zangu vilikuwa 12 na vingi vilikuwa chakula cha usiku. Nilikula kondoo nikiwa sijui uma wa kushika kwanza, nikamtazama jirani.

Ukimaliza kozi unapokelewa rasmi kwenye Inn yako. Watu wengi nyumbani hupiga vigelegele hapo wakidhani safari imeisha. Haijaisha. Bado hujapata uanagenzi, yaani mwaka 1 chini ya wakili mzoefu: miezi 6 ya kumfuata na kutazama, miezi 6 ya kusimama mwenyewe. Nafasi hizo ni kama 500 hadi 600 kwa mwaka, waombaji ni maelfu. Maombi mengi hupitia tovuti moja ya pamoja inayofunguliwa mwishoni mwa Novemba na kufungwa Januari. Baada ya uanagenzi, chemba hupiga kura ya kukupa kiti cha kudumu. Na una miaka 5 tangu kumaliza kozi kupata uanagenzi.

Kwetu hakuna pesa. Nisahau?

Usisahau, ila piga hesabu mapema. Kozi ya uwakili inaweza kukugharimu kati ya pauni 13,000 na 20,000, kutegemea chuo. Hapo ndipo watoto wengi wa maskini wanapoachia njia, si kwa sababu ya akili. Lakini zile Inn 4 kwa pamoja hutoa mamilioni ya pauni za ufadhili kila mwaka, na kiasi unachopata kinaweza kuangalia hali ya nyumbani kwenu. Middle Temple humhoji kila mwombaji, kwa hiyo huwezi kukataliwa kwa karatasi peke yake. Tarehe ya mwisho huwa mwanzoni mwa Novemba, karibu mwaka mzima kabla ya kozi. Nimeona vijana wazuri wakiikosa kwa wiki 2 tu, kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Uanagenzi wenyewe unalipwa. Kiwango cha chini hupangwa kila mwaka. Mwaka 2025 kilikuwa zaidi ya pauni 24,000 London na kama 22,000 nje ya London. Chemba kubwa za biashara hulipa mara mbili, tatu au zaidi ya hapo. Nyingi za familia hulipa kidogo kuliko hizo. Na miaka ya mwanzo, ukishajiajiri, pesa ya kesi ya Machi inaweza kukufikia Julai. Weka akiba ya kodi ya serikali tangu malipo ya kwanza, nakusihi.

Umewahi kubaguliwa?

Ndiyo. Kuna asubuhi niliingia kwenye mahakama moja nikiwa na begi la majalada na suti nyeusi, mhudumu akaniuliza, "Mkalimani wa Kiswahili ni wewe?" Nikasema mimi ni wakili. Akatazama orodha, akasema basi nisubiri nje mpaka wakili aje. Mteja wangu alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale na alisikia kila kitu. Ukalimani ni kazi ya heshima na bila wakalimani nusu ya kesi zangu zingekwama. Kilichonichoma ni uso wa yule mama. Alikuwa ananitegemea, na sasa alikuwa anajiuliza kama watanisikiliza huko ndani.

Sikuwa peke yangu. Septemba 2020 Alexandra Wilson, wakili kijana wa London, alieleza hadharani jinsi alivyodhaniwa kuwa mshtakiwa mara kadhaa ndani ya siku 1. Uongozi wa mahakama ulimwomba radhi. Baada ya pale wengi wetu tulianza kuandika matukio badala ya kuyameza. Nawashauri vijana: andika tarehe, saa, maneno yenyewe, halafu mwambie mtu mwenye wadhifa kwenye chemba. Kila chemba inatakiwa kuwa na mtu anayeshughulikia usawa.

Lafudhi yangu ni nzito. Na ninavaa hijabu.

Hijabu haina tatizo. Wapo mawakili na majaji wanaoivaa. Lafudhi nayo si ugonjwa. Jaji anataka hoja ya kwanza iwe ya kwanza, ukurasa utajwe sahihi, na usikike mpaka nyuma. Jifunze kusema polepole. Mimi nilijizoeza kusoma taarifa ya habari kwa sauti jikoni, kaka zangu wakipiga kelele kwa makusudi.

Wewe mwenyewe unafanya nini kufungua mlango?

Mambo 3, na yote ni madogo yenye kuchosha. Naenda shule za serikali, zile ambazo hakuna mzazi mwanasheria, na naigiza kesi na wanafunzi: mmoja mama, mmoja baba, mmoja jaji. Pili, nasoma fomu za maombi ya uanagenzi za vijana kabla hawajazituma. Tatu, nakaa kwenye jopo la uchaguzi la chemba yetu, na hili ndilo ninaloliamini kuliko yote.

Nikikaa kwenye jopo naona jinsi mlango unavyofungwa bila mtu kuwa na nia mbaya. Swali la fomu linauliza: eleza uzoefu wako wa kisheria. Kijana mmoja ana wiki 4 kwenye chemba za marafiki wa baba. Mwingine ameandika nusu ukurasa kisha akaishia. Ukimwita na kumdodosa unagundua kwamba tangu ana miaka 12 ndiye anayemwandikia shangazi barua za uhamiaji, ndiye anayempigia simu mwenye nyumba, ndiye aliyekwenda na jirani kwenye rufaa ya posho ya serikali. Hakuandika, kwa sababu aliona hayo ni mambo ya nyumbani. Huo ni uwakili! Tulibadilisha swali, tukafuta majina na shule kwenye hatua ya kwanza, tukaanza kulipa nauli na posho kwa wanaokuja kututazama kazini kwa siku chache. Orodha ya tuliowahoji ilibadilika mwaka ule ule, na hatukushusha kiwango hata kidogo.

Mimi ni wakili Tanzania au Kenya. Naweza kuhamia?

Unaweza kuomba. Bodi inayosimamia uwakili wa mahakamani huangalia sifa na uzoefu wako, kisha hukuambia mitihani ya kufanya na kama utasamehewa sehemu ya mafunzo. Wengi huona njia ya solisita ni nyepesi kwa aliyekwisha kuwa wakili kwingine. Suala la viza ni la peke yake, lishughulikie kwanza.

Nina kesi. Nikuandikie?

Tafadhali usiniandikie mambo ya kesi yako kwenye ujumbe, kwa usalama wako. Tafuta solisita wa familia. Halmashauri ikifungua shauri la kumwondoa mtoto wako, wewe mzazi una haki ya msaada wa kisheria bila kujali kipato, kwa hiyo usiende peke yako hata siku ya kwanza. Kwa magomvi ya wazazi kwa wazazi, tangu Aprili 2013 msaada huo umebanwa sana. Unabaki hasa kwa waliofanyiwa ukatili nyumbani wenye ushahidi kama barua ya daktari au ya polisi, na kipato chako kitaangaliwa.

Kama Kiingereza chako hakitoshi, iambie mahakama mapema kwa maandishi kwamba unahitaji mkalimani, na utaje Kiswahili cha wapi: cha Tanga, cha Mombasa, cha Lubumbashi au Kingwana cha Kisangani. Usimlete mtoto wako akutafsirie. Atasikia mambo ambayo hakupaswa kuyasikia, na jaji atamtoa nje, nanyi mtapoteza asubuhi nzima.